Kutuliza mwili na moyo: tunajifunza nini kwa akina mama wa Kigali?

Kuna mgonjwa ambaye wauguzi wa kambi wote wanamfahamu, ingawa si mtu mmoja. Leo ni mama, kesho ni baba, keshokutwa ni kijana wa sekondari. Anasema: "Moyo unanienda mbio. Kifua kinabana. Usiku silali, na nikilala naota mambo ya nyumbani. Mtoto akiangusha sufuria, naruka." Anapimwa malaria, hana. Anapimwa presha, iko sawa. Anapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Baada ya wiki mbili amerudi tena, safari hii na hofu kubwa zaidi, kwa sababu majirani wamemwambia kwamba moyo wake umeharibika, au amerogwa, au anaanza kuwa mwendawazimu.

Mtu huyu hajarogwa, si mwendawazimu, na wala hadanganyi. Mwili wake umejifunza kuogopa wakati wa vita na njiani, na mpaka sasa haujapata habari kwamba risasi zimekoma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zilizopitia vita, watu wapatao 22 katika kila 100 wana tatizo fulani la afya ya akili. Kwa hiyo katika foleni ya maji asubuhi, mtu wa namna hii hayuko peke yake.

Katika toleo hili tunazungumzia njia moja ya kuusaidia mwili kutulia: mazoezi ya yoga na ya kupumua. Hayahitaji fedha, na hayamlazimishi mtu kusimulia yaliyompata. Tutaanza na mfano wa Kigali, kisha tutaeleza namna ya kufanya hapa hapa kambini.

NENO LA KINYARWANDA LINALOSEMA KWELI

Wanyarwanda wana neno "ihahamuka". Lina uhusiano na neno "ibihaha", yaani mapafu. Mtu aliyepatwa na ihahamuka ni kama mtu ambaye hofu imemnyang'anya mapafu yake: anahema, anatetemeka, anapiga kelele, pengine anakimbia kama vile anafukuzwa sasa hivi. Neno hilo lilienea sana baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, yaliyoanza tarehe 7 Aprili na kuendelea kwa siku zipatazo 100. Hata leo, kila mwezi wa Aprili wakati wa kumbukumbu, washauri na wauguzi huwa tayari kwenye viwanja na kwenye maeneo ya kumbukumbu, kwa sababu wanajua wapo watakaozidiwa.

Uchunguzi wa afya ya akili uliofanyika Rwanda mwaka 2018, miaka 24 baada ya mauaji, ulikuta kwamba katika watu wazima wote, karibu 4 kati ya 100 walikuwa na ugonjwa unaotokana na kiwewe. Lakini katika walionusurika mauaji ya kimbari, walikuwa karibu 28 kati ya 100. Miaka peke yake haikutosha kuuponya mwili.

Angalia pia kwamba neno ihahamuka halisemi habari ya kichwa. Linasema habari ya pumzi. Wanyarwanda walitambua kwamba hofu inakaa kifuani, na hapo ndipo mazoezi haya yanapoanzia.

KIGALI, MWAKA 2007

Wakati wa mauaji ya 1994 wanawake wengi sana walibakwa. Mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa alikadiria mwaka 1996 kuwa walikuwa kati ya 250,000 na 500,000. Wengi waliambukizwa virusi vya UKIMWI. Kwa miaka mingi dawa za kupunguza makali zilikuwa hazipatikani kwa mtu maskini. Kuanzia mwaka 2004, shirika la WE-ACTx lilianza kuwatibu wanawake hao Kigali, baada ya vyama vya wanawake wa Rwanda kuomba msaada.

Dawa zilifanya kazi yake. Mtu aliyekuwa amebaki mifupa alinenepa na kurudi shambani au sokoni. Lakini waganga waliona kwamba virusi vikishuka, woga haushuki pamoja navyo. Utafiti ulioanza Rwanda mwaka 2005 uliwauliza mamia ya wanawake, wenye virusi na wasio navyo. Zaidi ya nusu walikuwa na dalili za kiwewe, miaka zaidi ya kumi baada ya vita.

Mwaka 2007 mwalimu wa yoga aitwaye Deirdre Summerbell alianza kuwafundisha wanawake na wasichana wa kliniki hiyo. Mradi wake uliitwa Project Air, maana yake mradi wa hewa. Aina aliyofundisha inaitwa Ashtanga. Si ya kukaa tu umefumba macho: ni mazoezi ya nguvu, mtu anatoka jasho, na kila tendo linafungwa na pumzi, moja ya kuvuta na moja ya kutoa.

Wapo walioshangaa. Mama mjane, mwenye virusi, mwenye njaa, unampa mkeka anyooshe miguu? Swali hilo ni la haki, na sisi pia tulijiuliza. Lakini fikiria upande wa pili. Mwanamke aliyebakwa mara nyingi huuchukia mwili wake au huuogopa. Ameshasimulia mbele ya polisi, mbele ya mahakama, mbele ya watafiti. Katika yoga hakuna anayemuuliza kitu. Anajifunza kwamba mkono huu ni wake, mguu huu ni wake, anaweza kuuinua na kuushusha apendavyo, na akichoka anapumzika. Tena hayuko peke yake: kulia kwake na kushoto kwake wapo wenzake wanaojua bila kuambiwa.

MWILI UNAFANYAJE KAZI?

Mwili una mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuiamuru. Ndiyo inayoendesha moyo, mapafu na tumbo hata tukiwa usingizini. Mishipa hiyo ina pande mbili. Mfano wa pikipiki utatusaidia.

Upande wa kwanza ni mafuta. Ukisikia hatari, mwili unamimina homoni iitwayo adrenalini: moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, tumbo linasimama, macho yanapanuka. Hiyo si ugonjwa. Ndiyo iliyokuwezesha kumbeba mtoto na kukimbia usiku kucha.

Upande wa pili ni breki. Hatari ikipita, moyo unapunguza mwendo, tumbo linasaga chakula, usingizi unakuja. Breki hii inategemea sana neva moja ndefu iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni, kwenye mapafu na tumboni.

Kwa mtu aliyeona mabaya mengi, mafuta yamekwama wazi na breki imelegea. Pikipiki imesimama lakini injini inanguruma. Ndiyo maana anachoka bila kufanya kazi, anaumwa kichwa, mgongo na tumbo, anagombana na watoto kwa jambo dogo.

Huwezi kuuamuru moyo ukimbie polepole. Huwezi kuliamuru tumbo. Lakini pumzi ni ya namna mbili: inakwenda yenyewe, na pia unaweza kuishika kwa hiari yako. Unapovuta hewa moyo huenda kasi kidogo. Unapotoa hewa hupungua. Kwa hiyo mtu anayetoa pumzi ndefu na taratibu anakanyaga breki. Jaribu sasa mara tatu kabla hujaendelea kusoma.

JE, KUNA USHAHIDI?

Upo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo kuhusu wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu ambao tiba nyingine hazikuwasaidia vya kutosha. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kila wiki kwa wiki 10. Kundi lingine lilipata masomo ya afya. Mwishoni, katika kundi la yoga wanawake 16 kati ya 31 hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo. Katika kundi la masomo walikuwa 6 kati ya 29.

Mwaka 2016 walitangaza tena matokeo baada ya kuwafuata wanawake hao. Tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa imefifia. Waliopata nafuu zaidi ni wale walioendelea kufanya mazoezi mara kwa mara. Tafadhali kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Na karibu na kwetu, katika makazi ya Rhino kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Hiyo haikuwa yoga, ila ni ndugu yake: vipindi vitano vya kikundi, kimoja kila wiki, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa na kujifunza kutulia, kuhisi ardhi chini ya miguu na kurudisha mawazo mahali walipo. Wasimamizi hawakuwa madaktari. Miezi mitatu baadaye, waliopitia vipindi hivyo walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao ambao hawakuvipitia.

MAFUNGO BILA NAULI

Siku hizi watu wenye uwezo hulipa fedha nyingi kwenda kukaa siku tatu au wiki nzima mahali patulivu, kando ya ziwa au pwani, wafanye yoga na kupumzisha akili. Jambo lenyewe si geni. Wakristo wanajua mafungo, Waislamu wanajua itikafu: mtu anajitenga na kelele, ananyamaza, anarudi nyumbani ametulia.

Sisi kambini hatuna pa kujitenga. Ukuta ni mmoja na jirani, mtoto wake akikohoa unaamka wewe. Lakini kumbuka matokeo ya mwaka 2016. Kinachodumu hakitokani na siku chache za mapumziko, bali na kurudia. Nusu saa kwenye mkeka kila siku, au hata mara tatu kwa wiki, inaweza kukufaa kuliko wiki moja ya hoteli kisha basi. Haba na haba hujaza kibaba.

NAMNA YA KUFANYA

Kutaneni watu 6 hadi 10. Akina mama wanaweza kuwa peke yao wakipenda. Tafuteni mahali penye kivuli, mkeka au kipande cha shitingi, na nguo pana. Wanawake wavae suruali ndani ya kitenge. Mmoja abaki na watoto kwa zamu. Msifanye mkiwa mmetoka kula sasa hivi. Mlango uwe wazi, na mtu asiyependa kuwa na watu nyuma yake akae karibu na ukuta.

1. Kuhisi ardhi (dakika 3). Kaa, nyayo zikanyage chini. Macho yawe wazi. Taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona na sauti tatu unazosikia.

2. Pumzi ndefu (dakika 5). Weka mkono tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo lijae. Toa polepole ukihesabu hadi 6. Usizuie pumzi. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde utapata pumzi 6 kwa dakika; kwa kawaida mtu mzima aliyepumzika huvuta 12 hadi 20.

3. Mabega na shingo (dakika 3). Pandisha mabega mpaka masikioni ukivuta hewa, yaachie ukitoa. Kisha geuza kichwa kulia na kushoto taratibu. Akina mama wabebao kuni na maji, hapa ndipo penye kazi.

4. Mlima (dakika 5). Simama wima, miguu iachane kidogo. Inua mikono juu ukivuta hewa, ishushe ukitoa. Rudia mara nane, pumzika, rudia tena.

5. Paka na ng'ombe (dakika 4). Piga magoti, mikono chini. Ukitoa hewa kunja mgongo uende juu kama paka aliyeona mbwa. Ukivuta, uache ushuke kama mgongo wa ng'ombe.

6. Mti (dakika 3). Simama kwa mguu mmoja, shika ukuta au bega la mwenzako. Badilisha mguu. Mtu akiyumba, cheka. Kucheka pamoja ni sehemu ya tiba.

7. Kupumzika (dakika 7). Lala chali, au ubavu, au egemea ukuta. Acha pumzi iende yenyewe. Anayeogopa kulala mbele ya watu asilazimishwe.

TAHADHARI

Hakuna zoezi linalopaswa kuuma. Mama mjamzito asilale chali kwa muda mrefu wala asikunje tumbo kwa nguvu. Mwenye presha ya juu asiinamishe kichwa chini ya moyo. Aliyefanyiwa upasuaji aulize kwanza. Ukisikia kizunguzungu, kaa na urudi kwenye pumzi ya kawaida.

Msimamizi asimguse mtu bila kumwomba ruhusa, hata kumnyoosha mkono. Na kama kumbukumbu mbaya zikikujia ghafla, simama, fungua macho, nawa uso kwa maji, taja kwa sauti mahali ulipo na tarehe ya leo. Si aibu kuondoka katikati. Kwa watu wengine ukimya huamsha mambo. Hao waanze na kutembea kwa mguu huku wakihesabu pumzi.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, yoga ni dini? Yoga ilitoka India, na huko ina uhusiano wa zamani na dini za watu wa huko. Mazoezi tuliyoeleza hapa ni ya misuli na mapafu. Hayana sala wala nyimbo. Ambaye dhamiri yake haimruhusu asilazimishwe. Anaweza kufanya pumzi ndefu peke yake na kuomba kwa dini yake.

Je, wanaume nao? Ndiyo, na wanahitaji sana. Baba wengi hapa wanatafuta usingizi katika pombe. Pombe inaleta usingizi mfupi na kuamsha hofu saa nane za usiku, pamoja na ugomvi nyumbani.

Nitaona mabadiliko lini? Pumzi ndefu inaweza kukutuliza siku hiyo hiyo. Usingizi na maumivu huchukua wiki kadhaa. Usikate tamaa katika wiki ya kwanza.

MAZOEZI HAYATOSHI PEKE YAKE

Tuseme ukweli. Mazoezi hayaongezi mgao, hayaleti barua ya kusafiri, hayamrudishi aliyekufa. Anayekwambia yoga itakusahaulisha kila kitu anakudanganya. Linaloweza kufanyika ni mwili wako kupata nafasi ya kupumzika, ili uwe na nguvu ya kuyabeba mengine.

Fika kituo cha afya bila kungoja ukiona mambo haya:

- maumivu makali ya kifua yanayokwenda mkononi au shingoni, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa. Usidhani ni mawazo tu, pimwa kwanza;
- kuwaza kujiua au kumdhuru mtu. Usibaki peke yako, mwambie mtu sasa hivi akusindikize;
- kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii;
- mama aliyejifungua ambaye hawezi kumwangalia wala kumnyonyesha mtoto wake;
- kutokula au kutolala kwa siku nyingi.

Aliyebakwa, mwanamke au mwanaume, awahi kabla ya saa 72 kwisha ili apate dawa ya kuzuia VVU. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120. Hata kama muda umepita, njoo. Bado kuna msaada, na siri yako itatunzwa.

Anayetumia dawa za UKIMWI, za kifafa au za akili asiache dawa kwa sababu ameanza mazoezi. Akina mama wa Kigali hawakuacha zao. Walimeza dawa, kisha wakakunjua mkeka.

Ndugu msomaji, kama umemtambua jirani yako katika mgonjwa tuliyeanza naye, usimwambie amerogwa. Kaa naye. Mwonyeshe kuvuta hadi nne na kutoa hadi sita. Wanaotaka kuanzisha kikundi katika mtaa wao wazungumze na mhamasishaji wa afya wa hapo. Na ukimaliza kusoma jarida hili, usilifungie karanga kwanza: mpe mwingine asome, au msomee asiyejua kusoma.

Tunawatakia usingizi mwema.